Mtoto Hasemi: Nilikopita Mimi, na Wewe Uanzie Wapi

Mimi ni fundi seremala, Keko, Dar es Salaam. Kwa asiyepajua, Keko ndiko vitanda na makabati hupangwa nje mpaka ukingoni mwa barabara, na mashine hazinyamazi toka asubuhi hadi magharibi. Mwanangu wa kwanza amekulia humo. Mama yake ana genge la mbogamboga, kwa hiyo mchana mtoto alikuwa anashinda na mimi, chini ya meza ya kazi, anachezea maranda. Wateja walimsifu. "Fundi, mtoto wako mpole huyu, hana usumbufu." Nami kichwa kinavimba.

Siku moja mama mmoja, mwalimu wa chekechea, alikuja kuchukua kabati lake. Nikawasha mashine ya randa, yeye akashtuka. Mtoto hakuinua hata macho. Akaniuliza, "Huyu anasema?" Nikamjibu atasema tu, bado mdogo. "Ana muda gani?" Miaka 2 na miezi 4. Akanyamaza kidogo, akasema, "Baba, kampime masikio."

Nilikasirika, sitaficha. Ilinichukua wiki nzima kuacha kukasirika. Kama unasoma hapa na mwanao hasemi, hiyo wiki nakuomba uiruke.

Jioni ileile nilifanya kipimo cha kijinga. Nilimkalisha mtoto juu ya meza, nikazunguka nyuma, nikagonga ubao kwa nyundo. Akageuka. Nikamwambia mama yake, "Anasikia huyu, yule mwalimu anatutisha bure." Kumbe aligeuka kwa sababu meza ilitikisika chini yake. Ukitaka kujaribu nyumbani, fanya hivi. Subiri saa nyumba imetulia, redio imezimwa. Mtoto awe kwenye mkeka, anachezea kitu kisichomkolea sana. Simama nyuma yake kama hatua 3, asikuone wewe wala kivuli chako. Hata harufu iangalie: mama yake akipaka mafuta yake ya karafuu, huyu wetu hugeuka kabla hajaitwa. Mwite jina kwa sauti ya chini, mara moja tu. Ngoja. Kisha kunja karatasi ya biskuti taratibu. Rudia siku nyingine asipokuwa na mafua, maana mafua huyabadilisha masikio.

Lakini akigeuka usishangilie. Anaweza kuwa anasikia sikio moja, au anasikia sauti nene lakini nyembamba zinampita. Kipimo cha nyumbani kinakupa la kumwambia daktari, basi. Hakimwondolei mtoto safari ya hospitali.

Sasa, achelewe kiasi gani ndipo uondoke nyumbani? Watoto hawalingani, hilo kweli, na jirani atakuambia hivyo kila siku. Ila kuna mistari ambayo mtoto akiivuka hangojwi. Mwaka 1: awe anabwabwaja "bababa, dadada", anageuka akiitwa jina, ananyoosha kidole au kupunga mkono wa kwaheri. Likikosekana hata moja kati ya haya, nenda. Mwaka 1 na nusu bila hata neno moja, nenda. Miaka 2 haungi maneno mawili kama "baba njoo" au "mai ingine", nenda. Miaka 3 na mtu wa nje ya nyumba haelewi sehemu kubwa ya anayosema, nenda. Na yule aliyekuwa na maneno yakapotea, wa umri wowote ule, huyo nenda wiki hii hii.

Kuhesabu maneno nako kuna ufundi wake. Neno ni sauti ileile kwa kitu kilekile kila siku, hata kama imepinda. "Mai" kwa maji ni neno. "Meee" kwa mbuzi ni neno. Kwetu mama mkwe anamsemesha Kimakonde, basi la Kimakonde nalo linahesabiwa. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, na mtu asikuambie uache lugha ya kwenu ili asichanganyikiwe. Halafu Kiswahili chenyewe kina ujanja. "Nimeanguka" ni neno moja kwa kuandika, lakini ndani mna mimi, mna wakati, mna kuanguka. Watoto wengi huanza na "anguka" tupu, ile ni na me huja baadaye. Zikianza kuingia, andika tarehe. Mtoto anajenga sentensi hapo, hata kama chati ya Kizungu ingekuhesabia neno moja.

Wa kwangu nilimhesabia maneno 4. "Mama", "nyanya", "toka", na "pa", ambalo lilikuwa la nyundo. La baba halikuwemo.

Wazee watakuambia mambo, na wazee hawajibiwi hovyo. Mimi mama yangu yuko Masasi. Nilipompigia na kumwamkia, akasema, "Baba, mjomba wako alisema ana miaka 4, leo ndiye anayeongoza vikao vya ukoo." Nikasema ndiyo mama. Kesho yake akapiga mwenyewe: mtoto alishwe ulimi wa mbuzi. Nikanunua ulimi wa mbuzi, tukaupika na nazi, ukaliwa na nyumba nzima, hauna madhara. Keshokutwa akapiga tena: akatwe kimeo.

Hapo ndipo pa kusimama. Kile kinyama kinachoning'inia kooni hakina uhusiano wowote na kusema, na kukikata mtaani kwa wembe kumeshaua watoto kwa kutokwa damu na kwa maambukizi. Udata ni jambo jingine. Huo upo kweli, ule utando wa chini ya ulimi ukiwa mfupi, na unaweza kusumbua kunyonya na pengine matamshi. Lakini mwenye udata anasema vibaya, hakai kimya. Kama unaushuku, aukague daktari, na kama ni wa kukatwa ukatwe hospitali. Nilimjibu mama hivi: "Mama nimekusikia. Tunaanza hospitali, wewe tuendelezee dua." Kamwe sikumwambia anakosea. Akaendelea na dua, nami nikaendelea na foleni.

Kabla ya foleni, nunua daftari. La kurasa 40 linatosha. Mimi nilikwenda mara ya kwanza mikono mitupu na peke yangu, kwa kuwa mama yake alikuwa gengeni. Swali la kwanza nililoulizwa: "Mtoto alipozaliwa alilia papo hapo?" Sijui. "Alipata manjano?" Sijui. "Alilazwa? Alichomwa sindano gani?" Alilazwa, siku kama tano, sindano sijui. Niliona aibu ya kuitwa baba. Maswali hayo yana sababu: mtoto aliyechelewa kulia, aliyezaliwa njiti, aliyepata manjano kali, aliyewahi kuugua homa ya uti wa mgongo, au aliyetibiwa kwa dawa kama jentamaisini, usikivu wake unaweza kuwa umeguswa. Kwa hiyo mwanzo wa daftari muandike nyote wawili: mimba ilikwendaje, uzazi ulikuwaje, alikaa lini, alitembea lini, magonjwa, nani kwenye ukoo ni kiziwi au alichelewa kusema. Kurasa zinazofuata, maneno yote anayosema na tarehe. Kadi ya kliniki iwe ndani ya daftari.

Na video. Mtoto akiingia chumba cha daktari atalia au ataganda, hivyo vyote havimwonyeshi alivyo. Mrekodi nyumbani dakika mbilitatu: anakula, anacheza, anaomba kitu, anaitwa kwa nyuma. Mrekodi pia akiwa amelala, nitakuambia kwa nini.

Kituo cha kwanza nilichokwenda walimwangalia mtoto, wakaniambia watoto wa kiume huchelewa, nimrudishe akifika miaka 3. Nikarudi nyumbani na dawa ya mafua. Wa kiume kweli huchelewa kidogo, lakini ni kidogo, si mwaka mzima. Mara ya pili nilikuwa nimejifunza kusema. Nilisimama nikasema: "Sijaja kwa mafua. Mtoto ana miaka 2 na miezi 5, ana maneno 4, akiitwa kwa nyuma hageuki, na tumeandika wiki tatu. Naomba apimwe masikio, na kama hapa hakuna kipimo naomba barua ya rufaa." Sema hivyohivyo, kwa adabu, bila kupandisha sauti. Barua nilipata siku ileile.

Ngazi zenyewe ni zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha ya rufaa ya mkoa. Kwa Dar hizo za mkoa ni Amana, Temeke na Mwananyamala. Juu yake Muhimbili, na kwa mikoa mingine Bugando Mwanza, KCMC Moshi, Benjamin Mkapa Dodoma. Unayemtafuta ni daktari wa pua, koo na masikio, pamoja na daktari wa watoto. CCBRT, hospitali ya Msasani, nao wanahudumia watoto wenye ulemavu na wanaohitaji utengamao, yaani kusaidiwa kurudisha uwezo wa mwili. Kuhusu hela, sera inasema mtoto chini ya miaka 5 anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali, lakini usishangae ukifika dirishani ukadaiwa ya kipimo fulani. Ukikwama usigeuze kurudi nyumbani. Uliza chumba cha afisa ustawi wa jamii, kila hospitali kubwa wapo, na kazi yao mojawapo ni hiyo. Beba maji, chakula cha mtoto, na kanga ya kumlaza. Panda gari la kwanza la asubuhi.

Vipimo havina maumivu, mwambie mama yake mapema asije akaogopa. Wanamwangalia sikio kwa taa. Wanaweka kidude kama kizibo laini sikioni, kinasukuma hewa kidogo kuona kama ngoma ya sikio inacheza. Kuna kingine kinachopeleka mlio na kusikiliza mwitikio wa sikio lenyewe, mtoto hatakiwi kujibu chochote, atulie tu. Na kuna kipimo cha usingizini, wanabandika vinyaya kichwani kuona kama ubongo unapokea sauti. Kwa hicho muamshe mtoto alfajiri na usimwache asinzie kwenye daladala. Sisi alisinzia kuanzia Tazara, tulipofika akawa macho kama bundi, tukapangiwa siku nyingine.

Alikutwa na maji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili, na nyama za pua kubwa. Ndiyo maana ya ile video ya usingizini: alikuwa anakoroma kama mtu mzima, mdomo wazi, na sisi tulikuwa tunacheka, tunasema kamrithi babu yake. Nyama hizo zikikua huziba kale kanjia kanakotoa hewa pua hadi sikio, maji yakabaki ndani. Daktari akaniambia niweke vidole masikioni halafu nisikilize. Nikaweka. Nilisikia sauti yake lakini maneno yamekuwa uji. Akasema mtoto wako "shika", "fika" na "pika" kwake ni neno moja. Kuhusu mashine ya randa akacheka: ile alikuwa anaisikia vizuri tu, ameizoea kama wewe ulivyoizoea. Yule mwalimu alipatia kwa sababu iliyokosea. Mpaka leo nikikutana naye namshukuru, hilo la pili sijamwambia.

Waliangalia kwanza miezi 3, maana maji hayo mara nyingi huondoka yenyewe. Niliambiwa nimwondoe kwenye vumbi la mbao na moshi wa mkaa. Hayakuondoka, akafanyiwa upasuaji wa nyama za pua na maji yakatolewa. Usiku wa kwanza nyumbani alilala kimya mno, tukawa tunaamka kwa zamu kuweka mkono puani kama anapumua.

Wa kwako anaweza kukutwa na kingine. Kama ni uziwi wenyewe, haraka ndiyo kila kitu, iwe ni shime sikio, kile kifaa cha kuvaa cha kukuza sauti, au lugha ya alama au vyote. Muhimbili wanapandikiza vifaa vya usikivu ndani ya sikio tangu mwaka 2017, na kwa lugha ya alama zipo shule kama Buguruni Viziwi. Usimnyime mtoto alama ukidhani zitamfanya mvivu wa kusema. Kama masikio ni mazima lakini mtoto hakutazami usoni, hanyooshi kidole kukuonyesha kitu, anapanga vifuniko mstari saa nzima na ukiupangua ni vita, mtaje kwa daktari wa watoto na uulize kuhusu usonji, kwa jina hilohilo. Wapo pia ambao kila kitu ni kizima, lugha tu ndiyo imechelewa. Hao nao wanahitaji msaada uleule wa nyumbani ninaokuja kuueleza.

Mimi nilidhani baada ya upasuaji ataamka anahubiri. Mwezi mzima hakuongeza neno. Nilivunjika moyo kuliko mwanzo. Kumbe mtoto alikuwa anasikia vizuri kwa mara ya kwanza, ana miaka karibu 3, na ndiyo kwanza anaanza kukusanya. Hapo ndipo tukapelekwa kwa mtaalamu wa usemi na lugha. Nchini ni wachache mno, ingawa MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, sasa wanafundisha shahada yake, na miadi yetu ilikuwa mara moja kwa mwezi. Nilitegemea dawa, au mashine. Alikaa chini kwenye mkeka akacheza na mtoto magari nusu saa, halafu akanigeukia: "Sasa zamu yako baba, mimi nakuangalia." Mwanafunzi nilikuwa mimi.

Alichonifundisha kwanza ni kunyamaza. Nilikuwa na tabia ya "sema maji! sema! sema maji basi!" na mtoto anafunga mdomo. Akasema acha kumdai. Chuchumaa macho yenu yalingane, shika kikombe, sema "maji", halafu subiri, hesabu moyoni mpaka 10. Kumi ni ndefu sana ukiwa unamtazama mtoto. Akitoa sauti yoyote, hata akinyoosha kidole tu, mpe, na urudishe kwa kuongeza kidogo: "Maji. Maji baridi." Akisema "baridi", wewe "baridi sana". Usimsahihishe, mrudishie lililo sahihi. Na usimbashirie kila kitu. Mama yake alikuwa anamjua kiasi kwamba mtoto akikohoa tu uji umefika. Tukaanza kumpa mawili achague: ndizi mkono huu, embe mkono huu.

Kilichofanya kazi kuliko vyote kwetu ni zile sauti za Kiswahili ambazo watu wazima tunaziona utani. Chubwi! jiwe kwenye ndoo. Puu! gunia limeanguka. Pa! nyundo. Tifu! kwenye vumbi. Ng'o! hatoi. Kwa mtoto ambaye neno refu linamshinda, hizi ni fupi, zina nguvu, na kitu kinatokea palepale. Tuliweka ndoo ya maji uani na mawe 12, ninatupa moja, "chubwi", la pili ninainua mkono, ninamtazama, ninangoja. Siku ya nne akasema "bwi". Nililia mbele ya wapangaji wenzangu, na sijutii. Kutoka "bwi" tukaenda "bwi baba", na ndivyo jina langu lilivyoingia daftarini, nyuma ya jiwe.

Simu tuliizima mchana. Shirika la Afya Duniani, mwongozo wa mwaka 2019, wanasema wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Simu haikumfanya asiseme, masikio ndiyo yalimfanya. Lakini katuni haimngoji mtoto ajibu.

Dakika 15 asubuhi na 15 jioni, kila siku, ndicho kipimo tulichopewa. Mimi jioni narudi nimechoka, kwa hiyo zangu ni za asubuhi kabla sijafungua karakana, zikiwa pamoja na kumuogesha: mkono huu, mguu huu, maji puu. Mama yake zake ni za gengeni, kupanga nyanya.

Ana miaka 4 sasa. Anasema sana, watu wa nje wanamwelewa nusu, r bado ni l na wala haituhangaishi, wengi wa umri wake wako hivyo. Masika yalipoanza mafua yakarudi, na kwa siku tatu akawa anasema "ee?" kila nikimwita. Nikafungua daftari nikaandika. Kupimwa tena ni Jumatano ya wiki ijayo, saa 2 asubuhi, na safari hii haruhusiwi kusinzia Tazara.